Nukta Mbili Kwenye Kadi Yako

Jumatano, tarehe 9 Julai. Asubuhi baridi, ukungu mzito mpaka saa tatu, manyunyu kidogo. Jua halikutoka kabisa.

Mwanangu Mumbua,

Nimeanza kama ninavyoanza daftari langu kila siku kwa sababu sijui kuanza kwa njia nyingine. Umelala upande wa pili wa pazia. Masanduku yako mawili yako mlangoni, na kila nikiinua macho nayaona. Kesho saa tano gari litakuja. Nimeikunja meza ya chakula ili yapite bila kugonga, nikakumbuka kwamba baada ya kesho sina haja ya kuikunjua.

Sitaandika habari za soksi nzito, wala vyeti, wala dawa ya kiungulia. Hayo tumeyapitia mara tatu na orodha iko kwenye mfuko wa mbele. Ninaloandika halikuingia kwenye orodha yoyote. Nimekaa nalo miaka ishirini na mitano, na ningeendelea kukaa nalo kama si maneno uliyoniambia Jumamosi.

Unakumbuka? Ulikuwa umekaa kitandani, tumbo limekuzuia kuinama, mimi nakunja zile sweta ndogo. Ukanionyesha ile programu ya simu ambayo mumeo Kyalo amekuwekea kutoka huko Kanada unakokwenda, ya kuandika saa za mtoto kunyonya. Ukasema kila baada ya muda fulani italia yenyewe kukukumbusha. Nikashika simu yako nikaangalia ile picha ya saa, na mkono wangu ukawa baridi. Hukuona. Ukasema, "Mathe, naogopa. Mimi sitaweza hii kitu kama wewe. Wewe ulikuwa unajua."

Nikakuuliza nilikuwa najua nini.

"Kila kitu. Si ndio maana watu wote wa mtaa huu wa Foti Siksi wanakuletea watoto?"

Nikacheka. Nikakuambia, utajua tu ukimwona. Kisha nikatoka nje kuanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi, na nikazirudisha kwenye kamba moja moja mpaka nilipojiamini kuingia ndani tena.

Ni kweli wananiletea. Nimefundisha watoto wa darasa la chini miaka kumi na tisa hapa Kawangware, na mama yeyote ambaye mtoto wake hali, halali au hasemi huja kusimama kwenye kizingiti changu akiwa na uso ule ninaoujua. Ninawajibu kwa upole. Hawajui upole huo nilifundishwa wapi, na wewe hujui pia, ingawa ulikuwepo.

Wewe unaujua mtaa wa Lindi, kule Kibera, kwa hadithi tu, kwa sababu tulihama ukiwa na miaka minne. Nilifika Kibera kutoka Kitui nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha, na mimba ya miezi minne ambayo ni wewe. Baba yako alikuwa fundi wa mawe. Kazi ilikuwa Kitengela wakati huo na alilala huko huko kwenye mjengo, akija nyumbani Jumapili moja na kukosa nyingine. Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia katikati, kama hiki. Upande wa kulia walizungumza Kijaluo, upande wa kushoto Kiluhya. Nikifika penye bomba wanawake walibadilisha lugha wakaniamkua kwa Kiswahili, tukasemezana mawili matatu, kisha wakarudi kwa lugha yao na mimi nikabaki na mtungi wangu. Hawakuwa wabaya. Kulikuwa tu na mazungumzo yaliyoanza kabla sijafika.

Kwetu msichana akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake huja. Huja na uji kwenye kitete, kile kibuyu chetu, akamwogesha mtoto, akamshika binti yake mgongo, akamwambia kulia huku ni kwa njaa na kulia kule ni kwa tumbo. Mama yangu hakuja. Unajua sababu ninayoitoa siku zote, kwamba ni ile heshima yetu Wakamba, nthoni, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe, sembuse chumba kimoja chenye pazia la leso. Kila mtu niliyemwambia hivyo alitikisa kichwa akaelewa. Ni sababu nzuri. Nimeitumia mpaka nikaisahau kuwa si ya kweli.

Baba yako hakuwepo, Mumbua. Kitanda kilikuwa kitupu siku kumi na mbili kati ya kumi na nne. Na jirani yetu wa kulia, Mama Achieng, yule uliyekuja kumwita Dani, bibi kwa Kijaluo, alikuwa na nafasi chumbani kwake na alinitajia mara mbili kwamba mgeni wangu anaweza kulala kwake. Mama alituma maneno na watu waliokuwa wakija Nairobi. "Mwambieni Kalekye, akisema nije, nakuja." Nami nikamrudishia maneno kwamba mtoto ni mzima, asijisumbue.

Nilikuwa nimemjibu vibaya siku niliyoondoka nyumbani. Aliniuliza huko mjini nani atakushikia mtoto, nikamwambia, "Mimi nimesoma." Yeye hakusoma. Alinifungia tu mahindi kwenye kikapu. Sasa ningemwitaje? Ningesema nini?

Kwa hiyo nilikulea kwa kile nilichosoma. Shuleni tulikuwa na somo la sayansi kimu na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa bado na daftari lake, limefunikwa kwa karatasi ya kaki, na ndani yake niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mtoto mchanga anyonyeshwe kila baada ya saa nne ili tumbo lizoee utaratibu. Nikanunua saa ya ukutani. Ndiyo hii hii iliyo juu ya kabati. Nikapiga mistari kwenye daftari: saa, titi la kushoto, titi la kulia, dakika, nepi. Ukilia kabla ya saa kufika nilikubeba nikatembea nawe kutoka mlangoni hadi kitandani, hatua tano, huku nikiangalia mshale. Nililia pia. Nimelisoma daftari hilo wiki hii. Kuna siku nimeandika: "Amelia kutoka saa sita na nusu mpaka saa nane. Sikuvunja utaratibu." Nimeiandika kama mtu anayejisifu.

Sikuwa nakunyima, naomba uelewe hilo. Nilikuwa nafuata kitu pekee nilichokuwa nacho kilichosema hakika ni hii.

Kliniki ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Foleni ilianza kabla ya saa moja, mabenchi mawili ya mbao, na mzani umening'inia kwenye boriti, mtoto anavishwa suruali ya kitambaa kisha ananing'inizwa kama kuku. Baada ya hapo sista, muuguzi wa pale, anaweka nukta kwenye kadi, kwenye ile chati yenye mistari inayopanda. Wanawake walikuwa na tabia ya kuchukuliana kadi na kulinganisha. Mwezi wako wa tatu nukta yako ilipanda kidogo sana. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mnene, Mama Otieno, akaichukua kadi yangu, akaiangalia, akakuangalia wewe, akauliza benchi zima:

"Huyu mnampa muthokoi ama mnamwonyesha tu?"

Wakacheka, kwa kuwa muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, ndicho chakula wanachotutania nacho Wakamba. Ilikuwa mzaha, Mumbua. Hata mimi leo ningecheka, na ningemjibu kwamba sisi Wakamba tunampa muthokoi, samaki ndio tunamwonyesha. Lakini siku ile sikuwa na mtu wa kucheka naye nikifika nyumbani.

Siku hiyo hiyo sista aliniona nikimweleza mwanamke mwingine jinsi ya kusoma kadi yake. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa peke yake. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia. Akasema mwezi ujao nije mapema nimsaidie kupima na kuweka nukta, yeye abaki na sindano. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Mwezi wa nne nikafika saa kumi na mbili na nusu na kalamu yangu mwenyewe. Niliwapima watoto wote. Nilisoma mshale, nikaandika kilo, nikaweka nukta, nikamweleza kila mama kwa sauti ya chini. Nilikuwa mwangalifu kuliko sista. Mama Otieno mwenyewe akaniita daktari, bila mzaha. Wewe nilikupima mwisho, benchi likiwa limebaki tupu.

Mshale ulikuwa umeshuka. Nilikutoa, nikakuvua hata fulana, nikakurudisha. Kilo nne na gramu mia tisa. Mwezi uliotangulia ulikuwa kilo tano kamili.

Mtu akikuuliza ni lini mama yako alikuwa peke yake kuliko siku zote, mwambie ni pale, chini ya boriti, mtoto ananing'inia mbele yake anamtazama, kalamu mkononi. Sista alikuwa hatua sita kutoka pale. Ningegeuka tu. Nikaweka nukta kwenye tano na nusu, mahali ilipopaswa kuwa. Nikakufunga mgongoni tukaenda zetu.

Nyumbani niliandika kwenye daftari langu: "Jumanne. Mawingu, kisha jua. M. kilo 4.9. Nimeandika 5.5." Daftari langu sikuwahi kulidanganya. Nilifikiri hilo lilikuwa jambo zuri.

Nikajiambia mwezi unaofuata utakuwa umefidia, na nukta zitakutana zenyewe. Nikazidisha utaratibu. Nikasugua chuchu kwa maji ya chumvi kama daftari lilivyosema. Wewe ukaanza kulala sana, nami nikaandika kwamba hatimaye umezoea. Mwezi wa tano mshale ukasoma nne na gramu mia saba. Nikaweka nukta kwenye sita.

Mama Achieng alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Wakati ule alikuwa amepata kazi ya kulala huko huko, kwa hiyo alikuwa hajakushika majuma sita au saba. Jumapili moja mchana akarudi, akaingia bila kupiga hodi kama kawaida yake, akakuinua kutoka kitandani ili akuogeshe. Akakushika hivyo hewani. Kisha akakushusha, akakuinua tena.

"Nyathina," akaniambia, na hiyo kwao ni kumwita mtu mtoto wangu, "huyu mtoto amerudi nyuma."

Nikamwambia kliniki wanasema yuko sawa. Nikampa kadi. Nilimpa kadi mtu asiyejua kusoma, Mumbua, ili anyamaze. Akaishika juu chini, akaniangalia, akairudisha.

"Mimi sijui hiyo karatasi. Mkono yangu ndio inajua. Kesho tunaenda."

Kesho yake hakwenda kazini. Haikuwa siku ya kupima, lakini wanawake walikuwa wengi kwa ajili ya chanjo, na wengi wao ni wale wale. Sista akachukua kadi, akaona nukta zinapanda vizuri, akasema mtoto wa kadi hii hana shida, labda mafua. Nilisimama pale. Nilijua maneno matatu tu yalihitajika, na hayakutoka. Mama Achieng hakubishana na karatasi. Alikuvua nguo mbele ya watu wote, akakutia kwenye ile suruali, akakuning'iniza mwenyewe, akarudi nyuma akakunja mikono.

Sista akasoma. Akasoma tena. Akauliza nani aliweka nukta hizi. Nikasema ni mimi. Akaniangalia, akasema kwa upole, "Labda ulikosea kusoma mstari." Kwa neno hilo alinifungulia mlango wa kutokea, nami nikapita. Nikasema, "Labda."

Lakini sista alikuwa mtu makini. Kama nilikosea yako, huenda nilikosea za wengine. Akawaomba wote niliowaandikia wasitoke, wapimwe upya. Karibu benchi zima. Walinung'unika. Mama Otieno alisema kazi ya serikali si ya kumpa mtu kwa sababu anajua kushika kalamu. Ilichukua mpaka saa saba. Nilikaa kwenye ukingo wa benchi nikikunyonyesha, na kwa mara ya kwanza sikuwa naangalia saa, kwa sababu haikuwepo. Ulinyonya, ukalala, ukaamka ukanyonya tena. Mama Achieng alisimama mbele yetu ili watu wasituone sana.

Alipomaliza kadi ya mwisho, sista alikuja akachuchumaa mbele yangu. Hakupaza sauti. Akasema, "Kalekye, watoto wa watu wote umewapima sawasawa."

Basi. Alituandikia tulazwe na tukalazwa siku tisa. Kalamu yangu, niliyokuwa nimemwachia, alinirudishia.

Tuliporudi nyumbani, Mama Achieng aliingia, akapanda kwenye kiti, akaiteremsha saa ukutani. Nilimuuliza anaipeleka wapi.

"Kwangu. Mtoto ananyonya mama ama ananyonya saa?"

Saa ilikaa kwake miezi miwili. Aliniletea supu ya samaki na uji, akahakikisha namaliza. Alinionyesha jinsi unavyogeuza kichwa na kula ngumi yako kabla hujalia, kwamba kilio ni barua ya mwisho baada ya nyingine kupuuzwa. Ukanenepa. Mwembamba ulibaki, na nimewaambia watu wote miaka yote hii kwamba wembamba wako ni wa upande wa baba yako.

Baba yako hajui. Alipokuja Jumapili nilimwambia ulikuwa na homa ya mapafu. Yuko kwenye shamba lake huko Mwingi na mbuzi wake sasa, na amekutumia asali, hana haja ya kujua leo. Ukitaka kumwambia, mwambie.

Mama nilimwona ulipofikisha mwaka mmoja, nilipokupeleka Kitui akuone. Alikuvua nguo zote akakukagua kama mbuzi wa mahari, mpaka vidole vya miguu, akaridhika. Jioni tukiwa tunapeta pojo, akasema bila kuniangalia, "Nilikuwa nimeshafunga mzigo. Kitete kilikuwa ndani. Nikaufungua, nikaufunga, nikaufungua." Nilitaka kumwambia yote pale. Nikasema Nairobi nyumba ni ndogo, Mwaitu, mama yangu, na nthoni unaijua. Akasema anaijua. Alifariki ukiwa na miaka mitatu, na hilo ndilo neno langu la mwisho alilo nalo kuhusu jambo hilo.

Sasa kuna lingine, na hili ndilo limenifanya nikose kumeza chakula leo jioni, ukaniuliza kama chumvi imezidi.

Darasa la sita ulileta ripoti, Hisabati themanini na moja. Ile nane ilikuwa tatu iliyofungwa kwa wino mwingine. Niliiona kabla hujafunga mlango. Unakumbuka nilichofanya. Nilikuchapa, kisha nikakushika mkono tukarudi shuleni ukiwa bado unalia, nikakusimamisha mbele ya mwalimu wako useme mwenyewe. Nikakuita mwizi wa namba. Njiani nikakuuliza umejifunza wapi kitu kama hicho, kwa sababu kwangu hukukiona. Na wewe ukasema, ukiwa na miaka kumi na mmoja, "Nilijua ukiona thelathini na moja utaaibika mbele ya walimu wenzako."

Nilisikia. Nilijua unasema nini, na kwamba anayesema ni mimi yule wa chini ya boriti. Sikusimama, nilikuvuta mkono tukaendelea kutembea. Katika daftari la siku ile nimeandika hali ya hewa tu.

Nisamehe kwa hilo, Mumbua. La kadi naweza kulieleza, nilikuwa mgeni, nilikuwa mchanga, nilikuwa peke yangu. La ripoti sikuwa hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa umenielewa kwa nini mkono ulikuwa baridi Jumamosi. Sikuambii ufute ile programu. Huenda ni nzuri, huenda wamejifunza kuliko daftari langu la kaki. Lakini nilipoisikia ikilia ya majaribio niliwaza juu yako kwenye kile chumba kimoja cha Kyalo, yeye yuko kwenye zamu ya usiku kule ghalani, theluji nje, majirani wanazungumza lugha iliyoanza kabla hujafika, na mtoto analia nusu saa kabla ya simu kulia. Na wewe, ambaye ni binti yangu kwa tabia zote, unatembea kutoka mlangoni hadi kitandani.

Unaniambia mimi nilikuwa najua. Sikujua. Aliyejua alikuwa mwanamke asiyejua kusoma, kupitia ukuta wa mabati, na alijua kwa sababu aliingia bila hodi. Sijui huko utakakokwenda watu wanaingiaje kwa wenzao. Kyalo amesema hawaingii. Basi itabidi wewe ndiye ugonge, na hilo ni gumu zaidi, mimi lilinishinda nikiwa na sista hatua sita tu.

Ulisema siku moja, tukila, kwamba ungependa nije mtoto akizaliwa lakini nyumba ni chumba kimoja, "na wewe na nthoni zako, utalala wapi, Mathe, kwa friji?" Tulicheka sote. Nikasema kweli, mkwe ni mkwe, haiwezekani. Umeona nilivyofanya? Nililiokota lile neno nikalishika, kama nilivyolishika mara ya kwanza. Sitaki ulibebe. Nitalala jikoni. Nitalala kwenye korido Kyalo akiwa nyumbani na ndani akiwa kazini, na wazee wa Kitui waseme watakalo. Viza huenda ikakataa, hilo si juu yetu. Lakini usisubiri kupata chumba cha pili ndipo uniite, na usisubiri habari iwe nzuri. Sina cha kukufundisha kuhusu huko. Nataka tu nisiwe mtu wa kufunga mzigo na kuufungua.

Kadi yako ya kliniki iko ndani ya bahasha hii. Nimeitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti changu. Utaona nukta mbili, ya mwezi wa nne na ya tano, na pembeni yake mistari ambayo sista alichora kwa wino mwekundu siku ile Mama Achieng alipokuning'iniza. Usimwonyeshe mtu kama hutaki. Ila siku ukidhani kila mama mwingine anajua ila wewe, itoe uiangalie.

Dani wako, Mama Achieng, amelala kwao Siaya, na hatukufika kumzika kwa sababu wewe ulikuwa na mitihani na mimi nikasema tutakwenda baadaye. Ukipata mtoto nitakwenda kumwambia mimi. Nitamwambia nimemshika mtoto wako kwa mkono nikasikia ana uzito, kama nitakuwa nimemshika.

Mkono unauma na kalamu hii inavuja. Nitaacha mstari mmoja chini, kama ninavyoacha kwenye daftari, wa kujaza asubuhi saa niliyolala.

Mama yako,
Kalekye

Alhamisi, asubuhi. Baridi, lakini kuna jua kidogo upande wa Dagoretti. Uko bafuni. Umetoka kitandani ukaniuliza kama nimelala, nikakujibu nililala mapema, saa nne, kama mtoto. Kisha ukaniuliza kama nitakuwa sawa nikibaki, nikasema nitakuwa sawa, kazi ni nyingi shuleni.

Nililala saa tisa na dakika ishirini. Na sitakuwa sawa, kwa muda. Piga ukifika.